Ex-UK, Linux na fundi wa Oginga Odinga Street

Ukitaka kujua laptopu imetoka wapi kabla ya kufika Oginga Odinga Street, Kisumu, tazama kitufe cha namba 3. Kikiwa na alama ya pauni, mashine hiyo ilianza kazi katika ofisi fulani Uingereza, ikatumika miaka mitatu au minne, ikaingizwa kwenye orodha ya vitu vya kuondolewa, ikapakiwa kontenani na kushushwa Mombasa. Wauzaji huziita ex-UK, na jina hilo huandikwa kwa fahari kwenye kioo cha duka. Chaja yake ina miguu mitatu ya mstatili, nayo huingia kwenye soketi zetu bila adapta, maana hata soketi tulizirithi huko huko.

Kwa mtu wa Kisumu, Bondo, Homa Bay au Mbita, hapo ndipo swali la laptopu inayorekebishika linapoanzia. Je, anaweza kuwa na mashine ambayo kila kiungo chake kinafunguka na kubadilishwa, akaiendesha kwa Linux, na kazi zake zikaenda? Jibu langu ni ndiyo, ila si kwa mashine ambayo wapenzi wa jambo hili huitaja kwanza.

Mashine wanayoitaja ni Framework. Kampuni hiyo ya Marekani, iliyoanzishwa na Nirav Patel, ilitoa laptopu yake ya kwanza mwaka 2021, na sifa zake ni za kweli. Bisibisi huja ndani ya boksi. Kila kiungo kina alama ya QR inayokupeleka kwenye maelezo ya kukibadilisha. Matundu ya pembeni ni vidude vinavyochomeka na kuchomoka, kwa hiyo leo utaweka HDMI na kesho USB. Aliyenunua mashine ya 2021 yenye chipu ya Intel anaweza kung'oa bodi hiyo na kuweka ya AMD iliyotoka 2023, akabaki na skrini, kibodi na kasha lile lile. Ubuntu na Fedora hufanyiwa majaribio na kampuni yenyewe, hivyo mnunuzi wa Linux hahangaiki kutafuta draiva.

Tatizo ni kwamba Kenya haimo katika nchi inazouzia. Anayeitaka humwagiza ndugu aliye Minnesota au Manchester. Bei yake kwa kawaida ni zaidi ya Sh100,000 kwa dola ya Sh129, kabla hujagusa VAT ya 16% na ada za forodha. Kisha ije siku betri ichoke. Tangu 2016, betri ya lithiamu isiyokuwa ndani ya kifaa hairuhusiwi kusafirishwa kama shehena kwenye ndege ya abiria. Abiria mwenyewe anaweza kuibeba kwenye mkoba wa mkononi ikiwa haizidi saa-wati 100, kwa hiyo mwenye Framework aliye Milimani atasubiri binamu aje Krismasi. Mashine imeundwa ifunguke kwa dakika mbili, lakini kiungo chake kinafika baada ya miezi minne.

Mkenya anayenunua gari analijua jambo hili bila kufundishwa. Probox haikutawala barabara zetu kwa uzuri wa sura. Ilitawala kwa sababu ikiharibikia Ahero, spea ziko Ahero. Urekebishaji wa laptopu una kanuni hiyo hiyo, nami nadhani watu wengi wanaoandika juu ya mashine za kufunguka huipita: uwezo wa kurekebishwa haukai ndani ya mashine peke yake. Nusu yake iko katika wingi wa mashine za aina hiyo zilizokufa ndani ya mji mmoja.

Chukua HP EliteBook 840 G3, ya mwaka 2016 hivi, ambayo nadhani ndiyo laptopu inayoonekana zaidi kwenye maduka ya mtumba nchini. Ina nafasi mbili za RAM zinazopokea hadi GB 32, ina nafasi ya SSD ndogo ya M.2 na nyingine ya diski ya inchi 2.5. Betri yake, ambayo mafundi huiita kwa namba yake, CS03XL, hutoka kwa parafujo chache. HP imechapisha kitabu cha huduma cha mashine hiyo na kukitoa bure, kikieleza hatua kwa hatua namna ya kuifungua mpaka bodi. Lenovo hufanya vivyo hivyo kwa ThinkPad. Ukiwa na shilingi 20,000 na kitu, unaondoka nayo.

Ukikaa kwenye benchi ya fundi utaona faida ya wingi huo kwa macho. Chini ya meza kuna boksi la katoni lenye maiti za G3: moja skrini imepasuka, nyingine bodi imeungua, ya tatu ilimwagikiwa chai. Fundi anaondoa kifuniko cha chini cha mashine ya mteja, anachomoa waya wa betri kwanza, kisha anapuliza feni. Kinachotoka si vumbi tupu. Mnajua wadudu wa ziwa, wale wanaopanda majini kama moshi na kufuata kila taa iliyo wazi usiku. Mtu anayesoma dirishani Dunga huwavuta kwenye skrini, na feni huwameza. Baada ya misimu kadhaa wanakuwa utando mkavu unaoziba njia ya hewa, mashine inapata joto, inazima yenyewe, na mwenyewe anaamini bodi imekufa. Brashi, spiriti kidogo na dawa mpya ya kupoza chipu vinatosha. Kama ni kibodi, anaitoa kwenye ile iliyopasuka skrini. Kama kiungo hakimo bokisini, anapiga simu Luthuli Avenue, Nairobi, anatuma M-Pesa, na kesho yake asubuhi kifurushi kinashuka na basi la usiku.

Hapo kuna utaratibu mzima wa vipuri, wenye ghala, usafiri na bei zinazojulikana, na hakuna kampuni iliyouunda. Framework ilibidi ijenge duka la spea la mtandaoni ili mashine yake iwe na maana. Kisumu ilipata la kwake bila kuombwa, kwa sababu maelfu ya ofisi za Ulaya zilinunua modeli ile ile mwaka ule ule na kuziondoa pamoja.

Na ndiyo sababu mashine hizo zilifunguka tangu mwanzo. Mkuu wa kompyuta wa benki yenye laptopu elfu tano hataki kupeleka kila moja kiwandani RAM ikiharibika. Anataka kijana wake aibadilishe kabla ya chakula cha mchana. Watengenezaji walimsikiliza yeye. Sisi tulirithi alichodai. Mashine za nyumbani, zile nyembamba zenye rangi za kupendeza, hazikuwa na mtu wa kuzidai hivyo, na nyingi RAM yake imelehemewa kwenye bodi. Muuzaji akikuonyesha mbili za bei moja, moja inang'aa na nyingine nyeusi yenye pembe ngumu, chukua nyeusi.

Framework inastahili kutetewa kwa jambo moja, hasa upande wetu. Kiungo kinachokufa sana hapa ni tundu la chaja. Chaja si ya asili, waya unavutwa kufikia soketi ya mbali, radi za ukanda huu hazina huruma, na umeme ukirudi baada ya kukatika hurudi na kishindo. Kwenye Framework, msuguano wa kila siku unamalizikia kwenye kidude cha pembeni, na kikichoka unanunua kingine. Kwenye ThinkPad T480, tundu la USB-C limelehemewa kwenye bodi. Likilegea, ni kazi ya mtu mwenye mkono uliotulia na bunduki ya hewa moto. Mafundi wa namna hiyo wapo mjini, lakini si kila kibanda.

Hata hivyo T480 ndiyo ningeichagua kwa mtu wa visiwani. Ilitoka 2018, na ni ya kizazi cha mwisho katika safu ya T kuwa na betri mbili: moja ndani, nyingine inayochomoka kwa nje. Ya nje ikiisha, unaichomoa mashine ikiwa inaendelea kufanya kazi kwa ile ya ndani, unachomeka nyingine. Mwalimu wa Mfangano anayechaji kwa sola mchana anaweza kuwa na betri mbili za nje na kusahihisha mitihani mpaka usiku wa manane. Nafasi zake mbili za RAM ziko wazi. Inachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo chaja nzuri ya simu kubwa inaweza kuisaidia wakati wa shida. Na chipu yake mara nyingi ni ya kizazi cha nane, jambo ambalo ghafla limekuwa na bei yake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, kizazi cha nane kwenda juu. 840 G3 ni kizazi cha sita. T470 ni cha saba. Mashine nzima kimwili, yenye skrini safi na RAM ya kutosha, imetangazwa kuwa mzee kwa tangazo la mbali. Ofisi za Ulaya zimezitoa kwa wingi, na madukani sasa "eighth gen" ni swali la kwanza la mteja mjuzi, naye muuzaji anajua kulilipisha.

Hapo Linux inaacha kuwa mapenzi ya wachache na kuwa hesabu ya kawaida. Linux Mint 22, iliyojengwa juu ya Ubuntu 24.04, itapata masasisho hadi 2029, na haiulizi kizazi cha chipu. Kwenye EliteBook na ThinkPad za umri huu kila kitu cha maana huitika mara ya kwanza, kwa sababu Wi-Fi zake mara nyingi ni za Intel na Intel huchangia draiva zake ndani ya kerneli yenyewe. Kinachokataa mara nyingi ni kisoma alama ya kidole, nacho sijaona mtu akikililia. Ukiweka mfumo, kumbuka kuchagua kibodi ya Uingereza. Ukichagua ya Marekani, alama ya @ na zile za kunukuu zitabadilishana mahali, na utadhani nywila yako imeibwa.

Kuna faida nyingine ambayo wauzaji hawaisemi. Baadhi ya mashine za ex-UK bado zimeandikishwa kwa jina la kampuni iliyozitoa. Ukiweka Windows upya na kuunganisha intaneti, inakudai barua pepe ya kazi ya shirika ambalo hulijui. Linux haina swali hilo. Lakini haitakuokoa na nywila ya BIOS. Kabla hujatoa hela, iwashe mashine mbele ya muuzaji ukibonyeza F10 kama ni HP, F1 kama ni Lenovo, F2 kama ni Dell. Ikidai nywila asiyoijua, mrudishie.

Mbona basi Linux haijajaa mjini? Jibu la haraka ni kwamba Windows ya bure ipo tayari. Uchunguzi wa chama cha makampuni ya programu, BSA, ulikuwa ukiweka sehemu ya programu zisizo na leseni nchini Kenya juu ya 70%. Fundi anakuwekea Windows na Office kwa mia chache na wewe humlipi Microsoft chochote. Hoja ya "Linux haina malipo", inayowavutia Wazungu, hapa haina makali. Mshindani wake naye hana malipo.

Lakini sababu nzito zaidi iko kwenye benchi ile ile niliyoisifu. Mwalimu anapeleka laptopu yenye Mint ibadilishwe tundu la chaja. Jioni anairudia.

"Mwalimu, chaji inaingia sasa. Na nimekuwekea Windows, ile ingine ilikuwa imeharibika."

"Haikuwa imeharibika. Ni Linux."

"Ah. Pole, mwalimu. Lakini hii ni nzuri zaidi, iko na Office."

Faili zake zimekwenda. Fundi hakuwa na nia mbaya. Aliona skrini asiyoijua akaitibu. Anajua kila njia ya umeme kwenye bodi, ila hajawahi kufungua terminali. Upande wa pili wa mji wapo vijana walio kinyume chake. Zone01 Kisumu, shule ya programu inayohusiana na LakeHub, huanzisha wanafunzi wake kwa lugha ya Go na kazi za mstari wa amri. Chuo Kikuu cha Maseno hutumia Moodle na STACK kwa mazoezi ya hesabu, programu huria zote mbili. Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo wanaweza kusimamia seva ya Linux iliyo Frankfurt. Hawajui kubadilisha tundu la chaja. Makundi haya mawili hupanda matatu zile zile za Kondele na hayana biashara pamoja.

Kwa hiyo Linux nayo inahitaji wingi, kama spea zinavyohitaji. Mwanafunzi wa programu hana haja ya kushawishiwa. Zana zake zote zilizaliwa huko. Mwenye saiba anaweza kuhama kwa sehemu kubwa, maana eCitizen ni ya kivinjari na hata KRA hutoa fomu za iTax kwa umbo la ODS linalofunguka kwenye LibreOffice, ijapokuwa msimu wa Juni si wakati wa kulijaribu jambo hilo kwa mara ya kwanza na foleni iko mlangoni. Mwalimu na karani wa shule ndio wenye shida ya kweli. Maisha yao ni Word, na hati ya mtihani iliyopangwa kwa jedwali na fonti za Microsoft ikifunguliwa LibreOffice hupoteza mpangilio ukurasa wa pili. Anayewaambia kwamba hakuna tofauti anawadanganya. Tafsiri ya Kiswahili nayo haikuwavuta: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kazi ya heshima, lakini mtu aliyefundishwa kompyuta kwa Kiingereza huku kwetu huendelea kubonyeza File.

Ajabu ni kwamba kando ya ziwa Linux imekuwapo miaka mingi mahali ambapo hakuna aliyeiita Linux. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018, KENPHIA, ulikuta kiwango cha HIV kwa watu wazima kikiwa 19.6% Homa Bay, 17.5% Kisumu na 15.3% Siaya. Kliniki za hapa zina wagonjwa wengi wa kudumu, wa kufuatiliwa mwezi baada ya mwezi kwa miaka. Daftari halikuweza kuubeba mzigo huo. OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya mpango wa afya wa AMPATH. Kuanzia 2012 ilizaa KenyaEMR, iliyosambazwa na I-TECH ya Chuo Kikuu cha Washington pamoja na Wizara ya Afya katika vituo zaidi ya 300 ndani ya miaka michache. KenyaEMR huwekwa juu ya Ubuntu. Muuguzi anafungua kivinjari, anaandika namba ya mgonjwa, anaona dawa na tarehe ya kurudi. Kilicho chini ya meza hakimhusu.

Kwa nini pale ilidumu na kwa mwalimu ikafutwa jioni moja? Kwenye kliniki kulikuwa na mtu aliyelipwa kuja. Seva ikigoma, kuna namba ya kupiga na kijana wa pikipiki anayejua amri za kuandika. Mishahara hiyo kwa sehemu kubwa ilitoka Marekani kupitia PEPFAR, mpango wake wa kupambana na UKIMWI, na misaada iliposimamishwa Januari 2025, watu wengi wa data waliambiwa wakae nyumbani. Programu ilibaki, maana hakuna wa kuizima. Aliyeondoka ni fundi. Kaunti ikitaka, inaweza kumwajiri yeye yule aendelee pale alipoachia. Kwa mfumo wa kidijitali wa SHA, mamlaka ya bima ya afya, wa Sh104.8 bilioni hilo ni gumu zaidi: Mkaguzi Mkuu wa Hesabu alisema mwaka 2025 kwamba serikali si mmiliki wake.

Pengo la mjini ni dogo kuliko linavyoonekana. Fundi anayeweka Windows kwa mia chache anaweza kuweka Mint kwa mia hizo hizo. Flashi moja yenye nafasi ya zaidi ya GB 3 inamtosha, na akishaiona skrini hiyo mara kumi hataitibu tena kama ugonjwa. Anachohitaji ni wateja wa kumletea, na wateja hao watatoka kwenye taasisi kabla ya watu binafsi. Shule ya Bondo inayonunua mashine ishirini za modeli moja, na mbili za ziada zilizokufa kwa ajili ya spea, imejijengea Luthuli Avenue yake. Inayopokea ishirini za msaada za aina kumi na tatu imepokea mzigo, hata kama hotuba ya makabidhiano ilikuwa tamu.

Sheria haisaidii sana hapa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mzalishaji abebe jukumu la bidhaa yake ikifika mwisho, lakini uzito wake uko kwenye taka, si kwenye kuuza spea. Hata agizo la Umoja wa Ulaya la 2024 juu ya haki ya kurekebisha, linalotaja simu, mashine za kufua na friji, halikuziweka laptopu kwenye orodha yake.

Kinachonitia wasiwasi ni kontena zinazokuja. Mashine inayonunuliwa na ofisi ya London leo hufika kwetu baada ya miaka minne au mitano, kwa hiyo tunaweza kuisoma kesho yetu kwenye katalogi za jana. Baada ya T480, Lenovo ililehemu sehemu ya RAM ya T490 kwenye bodi na kuacha nafasi moja tu, na T14 za kwanza zikafuata. T14s na X1 Carbon hazina hata hiyo moja. Hizo zimeanza kufika. Mnunuzi wa GB 8 ya kulehemewa amenunua GB 8 ya maisha, na maiti yake ikilala bokisini kwa fundi itatoa skrini na kibodi, RAM haitatoka.

Halafu mwaka 2024 Lenovo, ikishirikiana na iFixit, ilitoa T14 Gen 5 yenye nafasi mbili za RAM zilizo wazi na betri rahisi kutoa, na iFixit wakaipa alama 9 kwa 10. Ofisi za Ulaya zinazitumia sasa. Kwa mwendo wa kawaida wa mtumba zitashuka Mombasa mwaka 2028 au 2029, zikiwa na alama ya pauni juu ya namba 3, na anayenunua kati ya sasa na wakati huo amwombe muuzaji aondoe kifuniko cha chini kabla ya kukubaliana bei.